Maswali ya Wasomaji: Kuzifikisha Ski Zako Mlimani

Kila ifikapo Novemba, barua zinazoletwa kwenye safu hii hubadilika. Maswali ya viza na nauli hupungua, na nafasi yake huchukuliwa na maswali ya Waswahili wanaoishi katika nchi za baridi, au wanaopanga kwenda huko kwa mapumziko, wanaotaka kujua jinsi ya kusafirisha ski, yaani zile mbao ndefu za kuteleza kwenye theluji, pamoja na vifaa vyake hadi vituo vya milimani vilivyo mbali na makazi yao. Safari hii tumechagua barua tano. Nimezijibu kwa urefu usiolingana, kwa kuwa baadhi yake zinagusa mambo ambayo mtu akiyakosea likizo nzima huharibika, na nyingine zinahitaji maelezo machache tu ya uhakika.

Swali: Mhariri mpendwa, sisi ni familia ya watu wanne tunaoishi Minneapolis, Marekani. Mimi na mke wangu tulijifunza kuteleza katika kilima cha Buck Hill, na sasa kila mmoja wetu ana ski na mabuti yake mwenyewe. Watoto wetu, wenye umri wa miaka minane na kumi na mmoja, hutumia vifaa tulivyovikodi kwa msimu mzima. Mwezi Februari tutakwenda Breckenridge, Colorado, kwa siku sita, kwa ndege hadi Denver na kisha kwa gari la kukodi. Je, tubebe vifaa vyote kwenye ndege, tuvitume mapema kwa kampuni ya vifurushi, au tuviache nyumbani na kukodi vingine huko? *Baba wa watoto wawili, Minneapolis.*

Jibu: Ndugu msomaji, umeieleza safari yako vizuri, ila umeipitia haraka sehemu ambayo kwangu ndiyo ya kwanza, nayo ni njia ya kutoka uwanja wa ndege wa Denver hadi mlangoni mwa nyumba mtakayofikia. Watu wengi huanza kwa kuuliza shirika la ndege linatoza kiasi gani, ilhali kipande cha angani ndicho chepesi kuliko vyote. Ndege itazichukua ski zako na kuzishusha Denver baada ya saa mbili hivi. Kazi huanza pale unaposimama nje ya jengo kwenye baridi, ukiwa na watoto wawili, masanduku, na mfuko unaokaribia urefu wa mita mbili ambao hauingii ndani ya gari ulilokodi. Ndiyo maana humshauri kila anayeniuliza aipange safari kuanzia mlangoni mwa hoteli na kurudi nyuma hadi nyumbani kwake.

Kutoka uwanja huo hadi Breckenridge ni zaidi ya kilomita 160, na sehemu kubwa ya njia ni barabara kuu ya I-70, ambayo hupanda hadi kwenye handaki la Eisenhower, lililo mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, sheria ya Colorado hulitaka kila gari lisiloendeshwa kwa magurudumu yote manne linalopita katika kipande cha milimani cha barabara hiyo, kati ya Morrison na Dotsero, liwe na matairi yanayofaa theluji na yasiyolika, au liwe limebeba minyororo ya matairi. Muulize mwenye gari kabla ya kulipa, kwa sababu magari madogo ya kukodi mara nyingi huja na matairi ya kawaida. Muulize pia kama kiti cha nyuma hukunjwa kwa mafungu mawili, kwani likikunjwa fungu lililo dogo, ski hupita kutoka kwenye buti la gari hadi karibu na dereva, na watoto wawili bado hupata pa kukaa. Iwapo hatakupa jibu la kuridhisha, yapo mabasi madogo yanayotoka uwanjani moja kwa moja hadi Breckenridge na yanayobeba ski, mradi uzitaje unaponunua nafasi. Na mkishafika, mabasi ya mji huo hayatozi nauli yoyote.

Sasa tuje kwenye vifaa vyenyewe. Mabuti yenu ninyi wawili yasiachwe nyumbani, wala yasiingizwe kwenye mizigo inayokwenda chini ya ndege. Yatieni kwenye begi mtakalopanda nalo, pamoja na glavu, miwani ya theluji na nguo za siku moja. Mamlaka ya usalama wa usafiri ya Marekani, TSA, huruhusu mabuti ya ski ndani ya ndege, ingawa fimbo za kutelezea haziruhusiwi. Ninasisitiza hivyo kwa sababu ski zikichelewa, duka lolote la Breckenridge litakupatia nyingine zinazofanana nazo ndani ya nusu saa, lakini buti ambalo limeshauzoea mguu wako, ambalo pengine sponji yake ilipashwa moto dukani ili ishike umbo la kifundo chako, haliwezi kupatikana kwa kukodi. Nimeona watu waliopoteza siku mbili za likizo ghali kwa malengelenge yaliyoletwa na buti la kuazima, huku ski zao nzuri zikiwa zimeegemezwa ukutani.

Kuhusu ski zenu wawili, hesabu zinaonyesha kuwa ni afadhali kuzibeba. Mashirika makubwa ya Marekani kwa kawaida huhesabu mfuko mmoja wa ski na begi moja la mabuti kuwa mzigo mmoja, hayatozi adhabu ya urefu kwa ski kama yanavyotoza kwa masanduku makubwa, na kikomo cha uzito ni kilo 23. Jozi ya ski za mtu mzima pamoja na vifungio vyake, vile vinavyolishikilia buti kwenye ski, huwa na kilo tano hadi saba, hivyo jozi mbili na fimbo zake huingia katika mfuko mmoja mpana na bado hubaki nafasi. Mzigo wa kwanza ndani ya Marekani hugharimu makumi machache tu ya dola kila upande, ilhali kukodi ski za mtu mzima katika vituo vikubwa vya Colorado hufikia kwa urahisi dola 50 kwa siku, na mara nyingi huzidi hapo; kwa watu wawili na siku sita, tofauti ni kubwa. Jihadhari tu na ile tabia ya kuujaza mfuko wa ski majaketi na suruali hadi upasuke, kwa sababu baadhi ya mashirika huutambua mfuko huo kuwa wa ski iwapo tu ndani yake mna vifaa vya ski, na mhudumu akifungua zipu na kukuta nguo za familia nzima, anaweza kukutoza kama mwenye mzigo mkubwa wa kawaida.

Mnapofunga, zikutanisheni ski mbili nyuso za chini zikitazamana, mzikaze kwa mikanda karibu na ncha na karibu na mkia, kisha mzungushe taulo au sweta kwenye vifungio, kwa kuwa hapo ndipo chuma hutoboa mfuko na ndipo pigo la kuangushwa huishia. Mikanda ya nje ya mfuko ifichwe ndani, ing'olewe stika zote za safari za zamani, na ndani iwekwe karatasi yenye jina lako, namba ya simu na anwani ya mnakofikia. Mkitua Denver, msizisubiri ski kwenye mkanda ule wenye masanduku. Ulizeni mizigo mirefu inatokea wapi, maana katika viwanja vingi hutolewa mahali pake pekee.

Kwa watoto ningefanya tofauti. Ski za mtoto wa miaka minane ni fupi na nyepesi, na zinaweza kuingia katika mfuko wenu, lakini someni kwanza mkataba wa kukodi msimu mzima muone kama unaruhusu vifaa kupelekwa nje ya jimbo na kama bima yake inafika huko. Ikiwa hauruhusu, wakodieni Breckenridge, na mfanye hivyo kwa mtandao siku kadhaa mapema, kwa sababu bei ya anayeingia dukani asubuhi ya Jumamosi huwa ya juu, na foleni yake humchosha mtoto kabla hajaiona theluji.

Kutuma kwa kampuni ya vifurushi ni njia halali na yenye raha yake. Yapo makampuni ya kazi hiyo hasa, kama Ship Skis, ambayo huuchukua mfuko nyumbani na kuufikisha hotelini, na kwa mtu anayebadilisha ndege mara mbili au mwenye mgongo mbovu ningeipendekeza bila kusita. Kwa safari ya ndege moja ya saa mbili sioni sababu ya kulipa zaidi. Ukiamua hata hivyo, tuma wiki moja kabla, ipigie simu hoteli uhakikishe inapokea mizigo ya wageni ambao bado hawajafika na kama inatoza ada, kisha andika kwenye lebo jina lile lile ulilotumia kuwekea nafasi pamoja na tarehe ya kuwasili.

Swali: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu jijini London, nimetokea Arusha. Wenzangu wamenialika Zermatt, Uswisi, kwa siku nne. Nimenunua mabuti yaliyotumika kwa bei nzuri, na kuna jamaa anataka kuniuzia ski pia. Je, ninunue nizipeleke, au nikodi? Ndege yetu ni ya shirika la bei nafuu hadi Geneva. *Mwanafunzi, London.*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usinunue ski hizo kwa ajili ya safari hii. Mashirika ya bei nafuu ya Ulaya huuza nafasi ya ski peke yake, mbali na nafasi ya sanduku, na ada hiyo ya kwenda na kurudi ukiijumlisha na bei ya ski zenyewe utakuta imemeza faida yote kwa safari ya siku nne. Yapeleke mabuti, uyavae au uyabebe kama mzigo wa mkononi ikiwa ukubwa unaoruhusiwa na shirika lako unatosha, na ski ukodi Zermatt. Iwapo utabadili mawazo, lipia nafasi ya ski unapokata tiketi, kwa maana anayesubiri hadi kaunta ya uwanjani hutozwa zaidi.

Mabuti yaliyotumika yanataka uangalifu wa aina mbili kabla hujaondoka. Kwanza, tazama ubavuni mwa kisigino. Utakuta namba ndogo iliyochongwa kwenye plastiki, kwa mfano 305 mm, ambayo ni urefu wa soli na si saizi ya mguu. Iandike namba hiyo, kwa sababu fundi wa duka la kukodi ataihitaji ili kukisogeza kifungio kilingane na buti lako. Pili, igeuze soli uone aina yake. Soli bapa na ngumu ya zamani na soli mpya zilizopinda kidogo na zenye mpira, zinazoitwa GripWalk, hazikai sawasawa katika kila kifungio. Mwambie fundi unayo ipi, na kama soli imelika hadi ukingo wake umekuwa wa mviringo, isitumike kabisa, kwa kuwa kifungio huweza kuliachia buti wakati usiotakiwa au kukataa kuliachia unapoanguka. Atakuuliza pia uzito, kimo, umri na kiwango chako cha ustadi. Mwambie ukweli mtupu. Majibu hayo ndiyo yanayoamua kifungio kiachie kwa nguvu kiasi gani, na kijana anayejikweza kuwa mtaalamu mbele ya wenzake huondoka na ski zitakazoushikilia mguu wake mpaka goti liumie.

Njia yenyewe ni nyepesi kuliko unavyodhani. Stesheni ya treni iko palepale kwenye uwanja wa ndege wa Geneva. Utasafiri kando ya ziwa na kupanda bonde la mto Rhône hadi Visp, hapo utahamia treni nyembamba ya milimani, na kwa jumla utatumia karibu saa nne hadi Zermatt. Magari ya petroli ya wageni hayaruhusiwi mjini humo; wenye magari huyaacha katika kijiji jirani cha Täsch na kumalizia kwa treni, kwa hiyo wewe unayefika kwa treni hupungukiwi na chochote. Katika treni za Uswisi ski huhesabiwa kuwa mzigo wa mkononi. Shirika la reli la nchi hiyo, SBB, lina huduma ya kutuma mizigo kutoka stesheni hadi stesheni, lakini mzigo haufiki siku hiyohiyo, na kwa mtu mwenye siku nne hiyo ni hasara tupu.

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, ninafanya kazi Dubai, na nilijifunza kuteleza katika Ski Dubai, ule ukumbi wa theluji ulio ndani ya jengo. Januari ninakwenda Hakuba, Japani, kupitia Tokyo, ambako nitalala usiku mbili kabla ya kwenda mlimani. Nina ski na mabuti yangu. Miguu yangu ni mikubwa, namba 46. Nimesikia kwamba Japani mtu anaweza kuuacha mzigo uwanjani na kuukuta hotelini. Je, ni kweli, na je, inaaminika? *Msomaji, Dubai.*

Jibu: Waalaykum salaam. Ni kweli, na katika nchi zote ninazozifahamu hakuna inayomrahisishia msafiri mwenye ski kama Japani. Huduma hiyo huitwa takkyubin. Kampuni ya Yamato iliianzisha mwaka 1976 kwa vifurushi vya majumbani, na mwaka 1983 ikaongeza huduma ya ski pekee, kwa ajili ya watu wa mijini waliokuwa wakihangaika na ski ndefu katika treni zilizojaa. Leo unaposhuka Narita au Haneda na kuchukua mfuko wako, utakuta kaunta ya mizigo katika ukumbi wa wanaowasili. Utajaza fomu yenye jina la hoteli ya Hakuba, namba yake ya simu na tarehe unayotaka mfuko ufike, utalipa yen elfu chache, na utatoka kuelekea mjini ukiwa mikono mitupu. Mhudumu atakupa nakala yenye namba ya kuufuatilia mfuko. Itunze.

Usiku wako mbili wa Tokyo umekuja kwa bahati nzuri, kwa sababu mzigo huhitaji siku moja au mbili kufika milimani. Omba ufike siku moja kabla yako, kwani theluji ya Januari upande wa Nagano hufunga barabara na malori huchelewa kama magari mengine yote. Halafu kuna marejeo, ambayo wageni wengi huyasahau. Hoteli yako itautuma mfuko hadi uwanja wa ndege utakaoondokea, lakini ni lazima utumwe siku mbili au zaidi kabla ya ndege yako, kwa maana hiyo siku ya mwisho ya kuteleza utakuwa huna ski zako. Ama ukodi kwa siku hiyo, ama uipange kuwa ya kupumzika kwenye maji moto ya asili. Unapojaza fomu ya marejeo, andika jengo la abiria kwa usahihi, kwa maana Narita na Haneda kila mmoja una zaidi ya jengo moja.

Kuhusu mabuti, usiyakabidhi kwenye kaunta hiyo hata kidogo. Saizi ya mabuti ya ski hupimwa kwa sentimita za urefu wa mguu, na namba yako 46 ni takriban 30. Maduka ya kukodi ya Japani yamejipanga kwa miguu ya wateja wake wa kila siku, na saizi kubwa kama yako huwa chache au hazipo. Mtu wa namba 42 akipoteza mabuti yake Hakuba atasumbuka asubuhi moja. Wewe unaweza kukosa kabisa la kuvaa. Yabebe mgongoni kutoka Dubai hadi kitandani. Kutoka Tokyo hadi Nagano treni ya mwendo kasi huchukua saa moja na nusu hivi, na basi la kwenda Hakuba huongeza saa moja na zaidi kidogo, kwa hiyo mzigo wa kilo nne si adhabu.

Kabla ya kuondoka Dubai, soma masharti ya tiketi yako. Mashirika ya Ghuba kwa kawaida huziingiza ski ndani ya uzito wa mizigo uliokwisha kulipiwa, jambo ambalo ni nafuu kubwa, lakini hakuna mzigo mmoja unaoruhusiwa kuzidi kilo 32, hata kama tiketi yako ina kilo nyingi zaidi.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa Kenya, ukiwa Hakuba tenga nusu siku uende Snow Harp, uwanja wa mbio za ski za masafa ulio katika mji huohuo. Ni hapo ambapo Februari 1998, katika Olimpiki ya Nagano, Philip Boit alikimbia kilomita 10 akiwa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi. Alimaliza wa mwisho kwa umbali mkubwa, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimsubiri kwenye mstari na kumkumbatia, huku sherehe ya kutoa medali ikichelewa kwa ajili yake. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Sijui Mkenya atakayesimama hapo na ski mkononi asiguswe.

Swali: Ndugu Mhariri, ninaishi Innsbruck na huteleza nje ya njia zilizotengenezwa, nikiwa na mkoba wenye puto la kujiokoa katika maporomoko ya theluji. Mkoba huo una mtungi wa gesi. Machi ninakwenda Jackson Hole, Marekani. Je, nitaruhusiwa kuupandisha kwenye ndege? *Msomaji, Innsbruck.*

Jibu: Mkoba ndiyo, mtungi uliojaa hapana. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga humruhusu abiria mmoja kubeba mkoba mmoja wa aina hiyo ukiwa na mtungi wake, kwa sharti kwamba shirika la ndege limekubali mapema, na ndani ya Ulaya utaratibu huo umezoeleka. Marekani ina msimamo mkali zaidi: mtungi hauna budi kuwa mtupu, umetenganishwa na mfumo wake na uko wazi ili mkaguzi auone ndani, na vifyatuzi vinavyotumia baruti ndogo, vinavyopatikana katika baadhi ya mikoba ya Ulaya, havikubaliwi kabisa. Usitegemee kwamba wakaguzi wa Austria wameuruhusu; utakapobadilisha ndege ndani ya Marekani utakaguliwa upya kwa kanuni za huko. Njia salama ni kusafiri na mtungi uliotolewa gesi, na kuzungumza na duka la Jackson wiki kadhaa kabla ili ujue kama linajaza mitungi ya aina yako, kwa sababu mitambo ya kujazia hutofautiana kwa kila mtengenezaji. Mkoba wenye feni ya umeme badala ya gesi huondoa tatizo hilo, na ikiwa unatumia betri za lithiamu, betri za akiba hukaa nawe ndani ya ndege, kamwe si katika mzigo unaokwenda chini. Vivyo hivyo betri za soksi na mabuti ya kupasha moto. Kifaa chako cha kutafutia waliofukiwa kizime na ukibebe mkononi; koleo na fimbo ya kuchomea theluji zisafiri ndani ya mfuko wa ski.

Swali: Mhariri, nilirejea Toronto kutoka Italia na kuukuta mfuko wangu wa ski umechanika na ukingo wa chuma wa ski moja umepinda na kung'oka. Mhudumu wa shirika aliniambia kuwa huo ni uchakavu wa kawaida na kwamba ski husafiri kwa hatari ya mwenyewe. Nikaondoka. Zimepita siku tatu. Je, nimechelewa? *Msomaji, Toronto.*

Jibu: Hujachelewa, dada au kaka, lakini leo usilale kabla hujaandika. Safari yako inaongozwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Italia na Kanada ni wanachama wake, na mkataba huo unampa abiria siku saba tangu apokee mzigo kulalamika kwa maandishi kuhusu mzigo ulioharibika. Mzigo uliocheleweshwa una siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Maneno uliyoyasema kaunta hayahesabiwi; andika barua pepe au ujaze fomu ya malalamiko ya shirika, na utunze nakala yenye tarehe.

Mikwaruzo ya mfuko na michubuko midogo ya juu ya ski kweli ni uchakavu, na sikushauri uidai. Ukingo wa chuma uliong'oka si uchakavu, kwa sababu haung'oki bila pigo zito. Piga picha za mfuko ulipochanika, za ukingo kwa karibu, na za ile stika ya mzigo yenye namba, ambayo natumaini hujaitupa. Kisha ipeleke ski kwa fundi akuandikie kwa barua rasmi ya duka lake kama inaweza kutengenezwa, kwa gharama gani, au kama haifai tena na mpya inauzwaje. Ski zilizonunuliwa miaka sita iliyopita hazitalipwa kwa bei ya mpya, kwa hiyo ambatanisha risiti uliyo nayo na udai kiasi kinachoendana na umri wake.

Kikomo cha fidia kwa mizigo yote ya abiria mmoja, tangu Desemba 28, 2024, ni SDR 1,519, kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa ambacho kwa sasa ni kama dola 2,000 za Marekani. Mwenye vifaa vya thamani kubwa zaidi anaweza kutangaza thamani hiyo kaunta kabla ya kuondoka na kulipa ada ya ziada, au akakata bima ya safari inayotaja vifaa vya michezo kwa jina. Wengine wanaosoma hapa wazingatie kwamba ripoti ya mzigo ulioharibika au ambao haujafika hufunguliwa kabla ya kutoka kwenye ukumbi wa mizigo, na kwamba ski zikichelewa, risiti za kukodi nyingine katika siku za kungoja zinaweza kudaiwa kwa shirika. Wewe uliyekwisha kutoka bila ripoti utaulizwa kwa nini; eleza kwa ufupi yale mhudumu aliyokwambia, saa na kaunta. Shirika likikataa au likanyamaza, una miaka miwili tangu siku uliyowasili kulifungulia kesi, na kwa kiasi kama hiki mahakama ya madai madogo ya Ontario inatosha bila wakili.